Gereza la Kilwa: Mreno yuko ukuta gani?

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo linalokupokea Kilwa Kisiwani ni Gereza, ngome kongwe ya mawe. Karibu kila nikipeleka wageni, hakosi mmoja wa kusema, "Kumbe Wareno walijua kujenga!" Mimi mwanaakiolojia hucheka kidogo, maana sehemu kubwa ya anachokipiga picha ni kazi ya Waomani, ya mwanzoni mwa karne ya 19.

Wareno walikuwepo, sikatai. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida akauteka mji, Ibrahim akakimbia, akatawazwa Muhammad Ankoni. Ngome ikajengwa harakaharaka, ikaitwa Santiago. Shabaha ilikuwa dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo; dhahabu hiyo ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Ila nani apitishe mali yake mbele ya mizinga ya mtu? Biashara ikahamia kwingine, Ankoni akauawa, na mwaka 1512 Wareno wakafunga virago. Miaka 7 tu!

Sasa sogea ukutani. Jengo lina pembe nne, na minara miwili ya duara kwenye pembe zinazokabiliana kimshazari. Mawe ni ya matumbawe, yameshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mwomani alijenga juu ya mabaki ya Mreno, na kwa kuwa wote wawili walichota bahari ileile, rangi ya jiwe haikuambii kitu. Mimi hutafuta maungio. Ukuta ukiegemea mwenzake bila mawe yao kuumana, ujue hivyo ni vipindi viwili.

Hata jina lina safari yake. "Gereza" hutajwa kuwa limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Likaja kumaanisha ngome, kisha jela. Si ajabu: Fort Jesus ya Mombasa nayo ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Adui wa Gereza siku hizi ni maji. Upande wa baharini mawimbi yamekula msingi hadi ukuta ukaanguka, na magofu ya Kilwa yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Ukarabati umefanyika, mikoko ikapandwa ufukweni. Nikishuka mashuani siku hizi, hukagua mikoko kwanza, ukuta baadaye.