T. rex si mamba aliyesimama

Mtoto akitaka kuchora Tyrannosaurus rex (T. rex), yule dinosauri mkubwa mla nyama, mara nyingi huanza na mamba: humsimamisha kwa miguu ya nyuma, humfupisha mikono, basi. Nimekaa na wachoraji wadogo wengi wakifanya hivyo, na karatasi huchakaa kwa kufutwa mahali palepale, kwenye nyonga.

Dhana: Miguu yake ilitanuka kama ya mjusi.

Ukweli: Mtazame mjusi akitembea. Paja lake hutokea ubavuni kwenda nje, goti linapinda, ndipo mguu unashuka chini; kwa hiyo kila hatua mwili wote hujinyonga kushoto na kulia. T. rex hakuwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa paja lake kiligeukia ndani na kuingia kwenye tundu la nyonga, mguu ukasimama wima chini ya mwili kama nguzo.

Hapa mwache mjusi, umtafute kuku. Kile kinachoonekana kama goti lililopindia nyuma ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Kuku hukanyagia vidole, kisigino kikiwa hewani, na T. rex alikanyaga vivyo hivyo, vidole vitatu vikielekea mbele. Mamba hukanyaga kwa unyayo mzima. Wala si ajabu kumwiga kuku, maana ndege ni uzao wa dinosauri walao nyama, na mamba mwenyewe ana undugu wa karibu zaidi na ndege kuliko na mjusi. Mimi huona kwamba miguu ikikaa sawa, mchoro mzima hupata uhai.

Dhana: Alisimama wima akiburuta mkia.

Ukweli: Mifupa yake ilisimamishwa hivyo katika jumba la makumbusho la New York mwanzoni mwa karne ya 20, na wachoraji wakaiga kwa miongo mingi. Miaka ya 1990 ikapangwa upya, mgongo ukiwa umelala karibu sambamba na ardhi. Katika nyayo za dinosauri zilizogeuka mawe, alama za mkia ulioburutwa ni nadra sana. Mkia ulikuwa hewani, ukisawazisha uzito wa kichwa na kifua cha mnyama wa mita 12 hivi. Chora kwanza mstari mmoja kutoka puani hadi ncha ya mkia, kisha uuweke juu ya miguu kama ubao wa pembea.

Mikono ni jambo dogo: vidole viwili tu, viganja vikitazamana kama vya mtu anayetaka kupiga makofi.

Dhana: Meno yalionekana hata kinywa kikiwa kimefungwa.

Ukweli: Hapo bado wataalamu wanabishana. Mamba hana midomo, kenge anayo na hufunika meno. Mwaka 2023 utafiti katika jarida la Science ulitetea midomo ya aina ya kenge kwa T. rex na jamaa zake, lakini si wote waliokubali. Mimi humchorea midomo. Ulimi wenye ncha mbili, hata hivyo, mwachie kenge. Mifupa ya kushikilia ulimi ya jamii ya T. rex ilikuwa mifupi kama ya mamba, ishara kwamba ulimi ulilala chini kinywani.

Dhana: Ngozi ilikuwa na mabamba makubwa kama ya mgongo wa mamba.

Ukweli: Alama za ngozi zilizopatikana, zikiwemo za shingo, nyonga na mkia, zinaonyesha magamba madogo madogo kama changarawe. Jamaa yake wa China, Yutyrannus, aliyetangazwa 2012, alikuwa na manyoya, kwa hiyo kumtilia T. rex manyoya machache mgongoni si kosa. Magamba yenyewe, kwa mnyama mkubwa hivyo, hayangeonekana kwenye karatasi. Tia nukta chache shingoni na kwenye mkunjo wa paja, halafu uinue penseli.