Nani alistahili ile kona? Dhana potofu kuhusu uendeshaji wa haki katika mbio za magari za ridhaa

"Mbio ni mbio, magari lazima yagusane." Kauli hii ndiyo mzizi wa upotovu mwingine wote. Kanuni za SCCA, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1944 na kinachosimamia mbio nyingi za ridhaa, zinasema kinyume: kila dereva ana wajibu wa kuepuka kugusana, na kila mshindani ana haki ya kuachiwa nafasi ya kutosha kulimudu gari lake. Kwenye ridhaa, bodi ikibonyea, mwenye gari mara nyingi ndiye fundi, ndiye mlipaji, na Jumatatu anatakiwa kazini.

"Nilishaingiza pua, kona ni yangu." Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Anayepita ndiye aliyeamua kupita, kwa hiyo jukumu la kupita salama ni lake. Anayepitwa naye hakuachwa huru: anapaswa kujua kuna gari linampita, na asilizibie njia. Mwamuzi makini huuliza ni lini gari la nyuma lilifika ubavuni. Kama magari yalishakuwa sambamba kabla ya kukata kona, kila mmoja amwachie mwenzake nafasi. Pua iliyochomekwa dakika ya mwisho, wakati aliye mbele ameshakata usukani, haina haki yoyote, hata mwenye pua hiyo awe na kasi kiasi gani.

Kulinda nafasi nako kuna mpaka. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, haziruhusu kubadili mwelekeo zaidi ya mara moja ili kujilinda, na dereva aliyehama mstari wa mbio (njia ya haraka zaidi kupitia kona) akitaka kuurudia kabla ya kona lazima aache walau upana wa gari moja hadi ukingo wa njia. Ndiyo maana si kweli kwamba aliyegonga kwa nyuma ana kosa siku zote. Ukimkatia mwenzako njia anapofunga breki, ajali ni yako, hata kama bampa lililopasuka ni lake.

"Hakukusudia, msameheni." Kusudio liongeze adhabu, lakini kukosekana kwake kusifute kosa. Gari lililogongwa kwa bahati mbaya limevunjika vilevile. Napenda utaratibu wa 13/13 unaotumiwa na vilabu kadhaa vya Marekani, ikiwemo Porsche Club of America: anayekutwa na hatia ya kusababisha mgongano huwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 13, na akirudia ndani ya muda huo hufungiwa miezi 13. Makosa huhesabiwa hata kwa wanaolipwa. Mwaka 2024 Kevin Magnussen, dereva wa Formula 1, alikosa mbio za Azerbaijan kwa sababu pointi zake za adhabu zilifika 12 ndani ya miezi 12.

"Anayelalamika ni mwoga." Hapana. Waamuzi hawawezi kuona kila kona, na muda wa kuwasilisha malalamiko ni mfupi, mara nyingi nusu saa tu baada ya matokeo ya awali kutangazwa. Kabla hasira hazijapoa, chomoa kadi ya kamera umpelekee mwamuzi video nzima, bila kukata kipande, na uombe ya mwenzako iangaliwe pia. Kamera yako inayotazama mbele haikuona kilichokuwa nyuma ya mlango wako.