Tegu wa nguruwe na kifafa cha ukubwani: maswali tunayoulizwa zahanati

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Songwe na Mbeya hadi Njombe na Ruvuma, nguruwe ndiye ada ya shule, ndiye mbolea ya shamba, ndiye kitimoto cha jioni. Huku huku ndiko tunakopokea watu walioanza kuanguka kifafa wakiwa na miaka 30 au 40, na wengi wanatufikia baada ya kuzungushwa kwa waganga hadi mifugo ya nyumbani imekwisha. Majibu haya tumewaandikia wao na ndugu zao.

Swali: Tegu ni mnyoo wa aina gani?

Ni mnyoo bapa kama utepe, anayeishi katika utumbo mwembamba wa binadamu. Kichwani ana vinyonyeo vinne na ndoano za kujishikiza. Mwili uliobaki ni mlolongo wa pingili. Hana mdomo wala tumbo, chakula anakifyonza kwa ngozi. Tegu wa nguruwe huwa na urefu wa mita 2 hadi 7 na anaweza kukaa na mtu miaka kadhaa. Pingili za mkiani hujaa mayai, maelfu kwa maelfu katika kila moja, kisha hukatika na kutoka na choo. Yupo pia tegu wa ng'ombe, ambaye ni mrefu zaidi, lakini huyo haleti madhara ya ubongoni na hapa tunamwacha.

Swali: Nitajuaje kama ninaye?

Mara nyingi hutajua. Wachache huumwa tumbo au hupata kichefuchefu. Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo chako, vilete kwenye kopo lenye kifuniko. Usione haya, kazi yetu ndiyo hiyo.

Swali: Mimi sili nguruwe kabisa. Kwa nini niogope?

Kwa sababu magonjwa ni mawili, na kila moja lina njia yake.

Ukila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko, yaani vijifuko vya maji vyenye mnyoo mchanga ndani yake, unapata tegu wa utumboni. Hilo ni la mla nyama. Lakini ukimeza mayai ya tegu, unapata vifuko ndani ya mwili wako mwenyewe, na ubongo ukiwemo. Mayai hayo hayatoki kwenye nyama. Yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, akakata kachumbari, basi wote mnaokula mezani pale mko hatarini, Mwislamu, Msabato na mtoto wa miaka mitano. Vivyo hivyo kwa maji ya kisima kilichochimbwa karibu na vichaka vinavyotumika kama choo, na mboga zinazoliwa mbichi bila kuoshwa vizuri.

Mwenye tegu anaweza hata kujiambukiza mwenyewe kwa mikono yake. Ndiyo maana tukigundua mgonjwa mmoja, tunaomba kuwapima wote wa nyumba ile. Watu wanakasirika, wanaona tunawadhalilisha. Tunaomba mtuvumilie, kwa maana huyo anayewapikia huenda ndiye mwenye mnyoo na hana dalili hata moja.

Swali: Yai linafikaje kichwani?

Yai likifika tumboni na kwenye utumbo, ganda lake huyeyuka. Mnyoo mchanga hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kusafirishwa hadi kwenye misuli, macho au ubongo. Hapo hujijengea kifuko chenye maji na kutulia. Akiwa hai anajificha vizuri dhidi ya kinga ya mwili, na mtu anaweza kuishi naye kwa miaka bila habari. Anapoanza kufa ndipo mwili unamtambua na kumshambulia. Sehemu ile ya ubongo huvimba, na mtu huanguka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, takribani asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wanatokana naye.

Swali: Ndugu yetu ni mtu mzima, ameanguka kwa mara ya kwanza. Wazee wanasema ni pepo, aanze kwa mganga.

Hapana. Apelekwe hospitali.

Swali: Hata kama ameamka na anaongea vizuri?

Hata hivyo, apelekwe hospitali. Kuamka si kupona. Degedege la kwanza la mtu mzima lina chanzo chake ndani ya kichwa au mwilini, na chanzo hicho kinatafutwa kwa vipimo. Hakitafutwi kwa chale. Ameanguka leo, apimwe leo.

Swali: Tukimaliza dawa za mganga kwanza, kisha tuje?

Tunaheshimu imani ya kila mtu na hatumzuii yeyote kuombewa. Aombewe akiwa ameshaanza matibabu. Kila mwezi mnaongoja ni mwezi wa kuanguka tena, na tunaona matokeo yake: mkono ulioungua kwenye mafiga, mvulana aliyetolewa mtoni akiwa amekwisha kufa, mama aliyeachwa na mumewe kwa kuitwa mwenye mashetani. Ugonjwa wenye dawa unawafanya hivyo watu! Ameanguka leo, aje leo.

Swali: Tukimgusa mate au povu hatutaambukizwa?

Hamtaambukizwa. Kifafa hakiambukizi kwa povu, kwa mate wala kwa ushuzi. Huu uongo umeacha watu waungue huku majirani wamesimama wanatazama. Mvuteni mbali na moto na maji, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote, msimkandamize. Ikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, tafuteni usafiri saa hiyo hiyo.

Swali: Kama ni minyoo, si ninunue prazikwanteli au albendazoli duka la dawa nimpe?

Kwa mtu anayeanguka, tunakuomba sana usifanye hivyo. Dawa hizo huua vifuko, na vifuko vinapokufa kwa pamoja ubongo huvimba. Mtu aliyekuwa anaanguka mara moja kwa mwezi anaweza kuanguka mfululizo, akapoteza fahamu. Hospitali huanza na dawa ya kuzuia degedege na, pale inapowezekana, picha ya kichwa ya CT scan ili kuona vifuko vingapi, viko wapi, vimekwisha kufa au bado. Daktari akiamua kuviua, humpa mgonjwa dawa za kutuliza uvimbe pia na kumweka chini ya uangalizi. Wengine hawahitaji kabisa dawa ya minyoo, kwa sababu vifuko vimekwisha kufa na kukauka vyenyewe.

Swali: Na nguruwe wangu? Nimemwona ana vifuko ulimini.

Usimwuze usiku kwa mchuuzi, na usimchinje kwa siri nyuma ya nyumba. Mwite afisa mifugo. Nguruwe alipata vifuko kwa kula kinyesi cha watu, basi jenga choo, kisha jenga banda na umfungie. Nyama ipikwe hadi ndani pasiwe na wekundu. Rosti iliyokaangwa juu juu kwa sababu wateja wana haraka haiui kitu, na pilipili na limau haviui pia.

Swali: Dawa za kifafa atameza hadi lini?

Hadi daktari aseme. Kwa kawaida ni baada ya kukaa miaka 2 au zaidi bila kuanguka, na hata hapo hupunguzwa kidogo kidogo. Kuziacha ghafla kwa kuwa "amepata nafuu" ndiko kunakotuletea wagonjwa usiku wa manane wakianguka bila kupumzika. Njoo kuchukua nyingine ukiwa umebakiwa na vidonge vya wiki nzima, maana kuna siku dawa huisha zahanati na itabidi tuziagize kutoka wilayani.