Je, wajua kwa nini doa la manjano hugeuka jekundu likiguswa na sabuni?

Kanzu haikuwa yangu. Niliiazima kwa binamu yangu kwa ajili ya harusi moja Tanga, na nilikula kwa adabu zote: nimeinamia sinia, mkono wa kushoto nimekinga kifuani. Kisha jirani yangu akavuta paja la kuku kwa pupa, na tone moja la rojo la biriani likanirukia kifuani. Dogo tu, kama punje ya mahindi. Nikajitoa kimya kimya hadi bombani, nikaomba kipande cha mche wa sabuni kwa akina mama waliokuwa wakisugua masufuria, nikaanza kufikicha. Doa likaacha unjano wake palepale, likawa rangi ya damu ya mzee. Mama mmoja akanitazama, akasema, "Mwanangu, umejichinja?"

Yakimkuta mtu haya, kwanza huilaumu sabuni kwamba ni feki. Wengine humlaumu mpishi kwamba katia rangi za dukani. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Mwenye vituko ni manjano yenyewe, hiyo ambayo wengine huiita binzari ya manjano, kiungo kilichojulikana kwa rangi yake kiasi kwamba lugha yetu imeipa rangi hiyo jina lake.

Ndani ya unga wa manjano kuna kitu kinachoitwa kurkumini. Si kingi, ni asilimia chache tu za unga wote, lakini ndicho kinachotia rangi wali, vidole, mwiko na kanzu za watu. Wanakemia Vogel na Pelletier waliitoa kwenye manjano mwaka 1815, na umbo lake likafumbuliwa mwaka 1910. Iwazie kama kamba fupi yenye pete mbili, moja kila ncha. Kamba hiyo hunasa mwanga wa buluu unaoiangukia, na mwanga unaobaki ukirudi machoni mwetu tunauona wa njano. Sasa, kwenye kila pete kuna chembe ya haidrojeni iliyoshikwa kilegevu. Ikikutana na kitu chenye alkali, yaani kinyume cha uchachu wa ndimu, chembe hiyo hunyakuliwa. Ikishaondoka, kamba hunasa mwanga wa aina nyingine, na kinachoturudia machoni ni wekundu.

Na sabuni ya mche ina alkali. Kwenye kipimo cha pH, ambacho katikati yake ni 7, juu yake alkali na chini yake uchachu, maji ya sabuni hiyo huwa kwenye 9 au 10, na ya sabuni ya unga huweza kupita hapo. Kurkumini huanza kubadilika ikivuka 7 kidogo tu, na ikifika 9 imeshakuwa nyekundu. Maji ya ndimu yako chini kabisa, kwenye 2 na kitu, ndiyo maana ukilikamulia ndimu doa lile jekundu hurudi njano mara moja, kana kwamba hujalifanya lolote. Na kweli hujalifanya lolote. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika: wakiona wekundu umetoweka hudhani ndimu imesafisha, kumbe doa limebadili nguo tu.

Ukitaka kuyaona mwenyewe huhitaji maabara. Koroga kijiko kidogo cha manjano kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, mbali na moto, uchovye karatasi nyeupe, uiache ikauke. Ukiidondoshea maji ya magadi, yale yale ya kulainishia maharage, utaona alama nyekundu. Ukidondoshea ndimu juu yake, njano inarudi. Wanakemia wa Ulaya walitumia karatasi za namna hii kwa miaka mingi kupimia alkali. India nako, ile poda nyekundu ya kumkum ambayo wanawake hujipaka kwenye paji la uso kiasili hutengenezwa kwa kuchanganya manjano na chokaa. Wala tusiende mbali. Mtafuna tambuu anajua kwamba popoo bila chokaa haimtoi mtu mate mekundu. Popoo si manjano, ni kitu kingine kabisa, lakini chokaa humfanyia mchezo wa jamii hiyohiyo.

Basi doa linatokaje?

Kesho yake asubuhi niliipeleka kanzu kwa dobi wetu, mzee ambaye kibanda chake kina kamba tatu za kuanikia na pasi mbili za mkaa. Hakuuliza ni doa la nini, aliliona. Aliuliza, "Umelipiga pasi?" Nikasema bado. "Basi tutaelewana nalo." Akamwagia tone la sabuni ya maji ya vyombo, akalipapasa kwa kidole gumba kutoka pembeni kuingia katikati, si kutoka katikati kwenda nje, akasuuza, akarudia tena. Halafu akaitundika kanzu ikiwa mbichi, kifua kikiangalia jua, akaketi kunywa kahawa yake. Sikumwona akishika dawa yoyote.

Nilidhani amechoka na kazi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kazi yenyewe ilikuwa ile. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji matupu ila kwenye mafuta, na kwenye rojo la biriani mafuta hayakosekani. Ukilisugua doa kwa maji unazungusha mafuta tu na kuyasukuma ndani ya nyuzi. Sabuni ya vyombo hubeba mafuta, na sehemu ya rangi huondoka nayo. Inayobaki imeshikilia uzi wa pamba, na hapo adui yake ni jua. Mwanga huikata ile kamba katikati ya pete mbili, na kamba ikikatika hakuna tena cha kunasa mwanga wa buluu, kwa hiyo rangi inakufa. Haihami wala haijifichi. Watia rangi za asili hawayaamini manjano kwa sababu hiyohiyo: kitambaa kilichotiwa manjano hupauka upesi kikianikwa. Udhaifu unaomkera mtia rangi ndio unaomwokoa mwenye kanzu.

Hata ule wekundu ulionitia hofu bombani haukuwa msiba. Kurkumini haina maisha marefu ndani ya alkali, huanza kuvunjika humo. Usikimbie ukiuona. Suuza vizuri, njano itarudi ikiwa hafifu kuliko mwanzo, kisha anika. Ikibaki rudia, maana doa zito huweza kutaka siku mbili za jua. Ninachokukataza ni pasi, kwa sababu joto hulikaza doa ambalo lingetoka kwa subira. Na kama umechelewa na doa ni kavu, pamba yenye spiriti ikigandamizwa juu ya kitambaa cheupe, na tambara safi limewekwa chini, huvuta rangi nyingi kabla ya kufua.

Kuhusu Jik: ndiyo, klorini huiua kurkumini, lakini kwenye pamba nyeupe tu. Hariri na sufu itazila, na nguo ya rangi itakuachia baka jeupe la kudumu mahali pa doa la njano. Halafu nisikusikie umetia Jik ukaona haitoshi ukaongeza ndimu au siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafuni kwenye kidirisha kimoja hiyo ni hatari ya kweli kwa mapafu.

Mabakuli ya plastiki nayo yana kesi hiyohiyo. Umehifadhi mchuzi usiku mmoja, asubuhi bakuli lina ukanda wa njano ambao hata steelwaya haliutoi. Plastiki hupendana na mafuta, kwa hiyo rangi imeingia ndani yake, si juu. Unavyozidi kulikwaruza ndivyo unavyolifungulia njia za kupitishia doa la kesho. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, liweke juani kwenye ukuta wa uani, ulisahau.

Lakini usichukue dawa ya manjano ukaipeleka kwa kila doa. Damu hutaka maji baridi, kwa kuwa ina protini, na protini kwenye maji moto huganda kama yai. Utomvu wa ndizi ndio wenye hila kuliko yote: unapodondoka hauna rangi, unadhani ni maji, kisha hewa huufanyia kazi yake na ukifika jioni ni mweusi. Huo uwahi ukiwa mbichi, vinginevyo fanya hiyo nguo iwe ya kukatia ndizi siku zote. Na kama unapenda chai ya rangi, umeshaona mwenyewe jamaa wa jambo tunalolizungumza: kamulia ndimu kwenye kikombe na weusi wa chai hupungua hapohapo, ilhali doa la chai likipakwa sabuni ya mche huzidi kukoza kabla ya kutoka.

Kanzu niliifuata kwa dobi baada ya siku mbili. Niliigeuza juani, nikaitazama kwa jicho la kipolisi, sikuona kitu. Nikaikunja, nikamrudishia binamu. Akaipokea, akaikagua kifua, mikono na pindo, kisha akaniuliza kifungo cha shingoni nimekipeleka wapi.