Ufadhili wa utafiti wa kodi na bajeti: yanayosemwa na yalivyo

"Mpaka uwe na PhD mkononi." Sivyo. UNU-WIDER ya Helsinki, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, hupokea wanaoandika tasnifu bado, kwa miezi 3, na huwagharimia nauli na posho. AERC ya Nairobi, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioanzishwa 1988, hupitisha kazi hatua tatu: andiko la kuombea ufadhili, kazi inayoendelea, ripoti ya mwisho. Kila hatua unasimama mbele ya wabobezi. Kurudishiwa andiko lirekebishwe ni jambo la kawaida kabisa.

"Sera ya fedha na sera ya bajeti ni mamoja." Kosa hili huangusha ombi ukurasa wa kwanza. Riba ya Benki Kuu, ambayo Tanzania imeitumia kuongoza sera tangu Januari 2024, ni sera ya fedha. Kodi, matumizi na deni la serikali ndiyo bajeti.

"Mada pana ndiyo inayovutia." Hapa ndipo wengi wanapokwama. "Athari za kodi kwa ukuaji wa uchumi wa Tanzania, 1970 hadi 2020" inakupa namba 51 tu, moja kwa kila mwaka, kwa kila kitu unachopima, na katikati yake kuna vita vya Kagera, mageuzi ya soko na ujio wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mwaka 1998. Utatenganishaje athari ya kila kimoja?

Chukua hili badala yake. Julai 2023 Tanzania ilipandisha mauzo ya mwaka yanayomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT, kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200. Je, waliokuwa wakijibana chini kidogo ya milioni 100 waliachia? Gawa mauzo katika vipande vya milioni 2, hesabu wafanyabiashara katika kila kipande, kisha linganisha 2022 na 2024. Kichuguu, yaani rundo la wafanyabiashara, kilichosimama kabla ya milioni 100 kikihamia karibu na 200, una matokeo. Ila kichuguu hakisemi kama mtu aliuza kidogo au alitangaza kidogo, na msomaji wa andiko atauliza hilo kwanza. Panga mapema kutazama gharama za bidhaa kwenye ritani (taarifa anazowasilisha mlipakodi) za kodi ya mapato: zikipanda huku mauzo yamedumaa, shuku maficho.

"Barua ya profesa maarufu inatosha." Aliyekaa na hesabu zako na kuzikosoa ana uzito zaidi, hata kama jina lake halijulikani.

"Data nitaitafuta nikishapata pesa." Muda wa ufadhili huanza kuhesabiwa siku ya mkataba, wakati ombi la ritani zilizofutwa majina laweza kukaa mezani miezi. Ambatisha barua ya taasisi inayokubali kutoa data, na anza mapema kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya. Ukikosa ritani, kuna TAZMOD kwa Tanzania na UGAMOD kwa Uganda, modeli zinazokokotoa kodi na ruzuku juu ya takwimu za kaya. Hapo lakini swali la VAT ya wafanyabiashara halijibiki; andika upya swali liwe la kaya, na kichwa cha andiko nacho kibadilike.