Pingi inajibu. Na diski je?

Jumanne iliyopita, baada ya Isha, nilikuwa nimekaa barazani Ngamiani, hapa Tanga, kikombe cha kahawa mkononi, kashata sijaimega, simu ikaita. Kijana anayesimamia kompyuta za duka moja la jumla.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mfumo wa mauzo umegoma tangu alasiri. Hautoi risiti."

"Seva ikoje?"

"Seva haina tatizo. Pingi inajibu."

Yaani ameitumia seva ujumbe mdogo wa kuuliza kama ipo, na seva imejibu. Sentensi hiyo nimeisikia Chumbageni, nimeisikia Makorora, nimeisikia kwa simu kutoka Muheza na Korogwe, na kila anayeisema huisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Nikaiacha kahawa, nikapanda bodaboda.

Nikaandika `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Sehemu ya `/var`: asilimia 100. Nakala za akiba za kila usiku zilikuwa zinaandikwa kwenye diski ileile yenye hifadhidata, hakuna aliyezifuta wala kuzihamisha, mpaka zikajaa pomoni. Na MySQL, programu inayotunza hifadhidata hiyo, ikikosa nafasi ya kuandika haianguki. Inasubiri. Inachungulia kila baada ya dakika moja kama nafasi imepatikana, na wakati wote huo ukiuliza hali ya huduma unaambiwa iko hai. Kwa hiyo pingi ilijibu, huduma ilionekana nzima, na wateja walikuwa wamesimama kaunta na magunia yao ya sukari wasijue waondoke au wangoje.

"Na ajenti, ile programu ndogo ya kutoa habari za seva kutoka ndani, si tulikubaliana mtaifunga?"

"Tuliifunga, fundi. Hii hapa."

Kweli ipo. Nikafungua faili lake la mipangilio, `/etc/zabbix/zabbix_agentd.conf`, nikakuta `Server=127.0.0.1`, `ServerActive=127.0.0.1` na `Hostname=Zabbix server`. Yaani vilevile ilivyokuja kwenye pakiti, hakuna mkono uliogusa. Ajenti ilikuwa imekaa inangoja kuulizwa na nafsi yake. Na kule kwenye mfumo wa ufuatiliaji, seva ya duka ilikuwa imewekewa templeti (orodha tayari ya mambo ya kuangalia) moja tu, ya pingi. Kijani miezi yote.

Sasa tulizungumze hili mara moja, ili nami siku moja nimalize kahawa.

Pingi ni hodi. Unabisha, sauti inajibu "karibu". Hujui aliyejibu ni mwenye nyumba, mtoto anayecheza ukumbini, au jirani aliyekuja kuomba chumvi. Na hujui hata kidogo kama mwenye nyumba yu hoi kitandani. Kitaalamu, anayejibu pakiti ya ICMP, yaani ule ujumbe wa pingi, ni kiini cha mfumo endeshi, sehemu ya chini kabisa, ambayo haina habari na hifadhidata yako, diski yako wala risiti zako. Seva inaweza kuwa imejaa, imeishiwa kumbukumbu, diski yake imegeuka ya kusomwa tu, na bado ikajibu kwa milisekunde mbili. Mike Muuss alipoiandika pingi mwaka 1983 alikuwa anasaka tatizo la mtandao. Ilifanya kazi hiyo vizuri na bado inaifanya. Sisi ndio tuliompa mlinzi wa geti kazi ya daktari.

Na huyo jirani wa chumvi si utani. Kuna ofisi moja upande wa Pangani ambayo ilikuwa "inajibu" siku nzima huku seva imezimika tangu alfajiri umeme ulipokatika. Anwani iliyokuwa inapigiwa pingi ilikuwa anwani ya nje, na anwani ya nje ni ya ruta. Ruta ilikuwa kwenye betri yake ndogo, inajibu kwa adabu zote kwa niaba ya marehemu.

Ndiyo maana tunaweka ajenti: mtu wa ndani ya nyumba, anayeona vyumba vyote. Mimi natumia Zabbix, mfumo ulioanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia, umekuwa hadharani tangu 2001. Wewe ukitumia mfumo mwingine, Nagios na ajenti yake NRPE kwenye poti (namba ya mlango wa mtandao) 5666, au Xymon kwenye poti 1984, majina yatabadilika lakini makosa utakayofanya ni haya haya.

Kuipata programu nitapita haraka maana hapa pana ujinga mdogo tu. Usichukue jibu la kwanza la Google. Nenda tovuti ya mradi, chagua mfumo wako na toleo la seva yako ya ufuatiliaji, sakinisha pakiti ya `zabbix-release` inayoielekeza mashine kwenye hazina ya mradi, kisha `apt install zabbix-agent`. Ukiruka hatua hiyo Ubuntu itakupa ajenti iliyo kwenye hazina yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya zamani. Watu huona "ya zamani" wakashtuka. Tulia. Ajenti ya zamani inaongea na seva mpya bila matatizo. Wenye Zabbix wanakubali ajenti kuanzia toleo 1.4. Kinyume chake ndicho kisicho na dhamana: ajenti mpya kuliko seva. Anayekimbilia "toleo jipya kabisa" kwenye mashine ya dukani huku seva yake ya ufuatiliaji haijaguswa miaka minne ndiye anayejitafutia balaa. Kwa Windows kuna faili la MSI, bonyeza, litakuuliza majina, jaza. Na tafadhali, usinakili folda ya ajenti kwenye flashi ukaimwaga kwenye mashine kumi. Nimekuta mashine saba zinaitwa jina moja, grafu ya prosesa inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye kusi, na mwenyewe anaamini ana seva moja yenye wazimu.

Nilipokwama mimi mwenyewe miaka ya mwanzo, na ninapoona wengine wakikwama leo, ni kwenye ile mistari mitatu.

`Server` ni orodha ya wanaoruhusiwa kuja kuuliza. Kwisha. Haipeleki kitu popote. Ukiweka anwani isiyo yenyewe, ajenti itamfukuza muulizaji na kuandika kwenye logi, daftari lake la matukio, kwamba muunganisho umekataliwa, tena itakutajia anwani ya aliyekataliwa. Jibu limeandikwa pale pale, na bado watu hunipigia simu bila kufungua `/var/log/zabbix`.

`ServerActive` ni mahali ambapo ajenti yenyewe inapeleka habari. Mwelekeo ni tofauti kabisa. Kwenye ule wa kwanza seva ya ufuatiliaji inakuja kwenye mashine yako kupitia poti 10050. Kwenye huu wa pili mashine yako inakwenda kwa seva kupitia poti 10051. Mashine ikiwa kwenye swichi moja na seva, chagua upendao. Lakini matawi yetu mengi yanaishi kwa modemu na laini ya simu. Laini hizo mara nyingi hukupa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, ambayo kampuni ya simu inawagawia watu wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Huwezi kumwendea mtu huyo kwa mguu. Fungua poti 10050 kwenye fayawoli mpaka uchoke, hakuna njia ya kumfikia. Ni yeye atoke aje. Nimemwona mtu mzima akimaliza siku mbili na bando zima akipambana na fayawoli ya Windows kwa tatizo ambalo halikuwa la fayawoli. Dawa ilikuwa kujaza `ServerActive` na kubadilisha templeti, maana zipo mbili zinazofanana majina, na moja mwishoni ina neno `active`. Ukiweka ile isiyo nayo, ajenti itakwenda kwa seva, itauliza "nikuletee nini?", itaambiwa hakuna.

Halafu `Hostname`. Hapa naomba nivute pumzi.

Jina hili ndilo ajenti inalojitambulisha nalo inapopeleka habari, na lazima lifanane herufi kwa herufi na jina uliloisajilia mashine kwenye seva. `DUKA-01` na `Duka-01` ni watu wawili. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kwenye ukurasa wa kusajili mashine kuna nafasi mbili za jina. Moja ni jina lenyewe, nyingine ni jina la kuonekana, na ukijaza la pili ndilo linaloonyeshwa kwenye orodha. Kwa hiyo unatazama skrini inasema "Seva ya Duka", unarudi kwenye ajenti unaandika `Hostname=Seva ya Duka`, unaapa kwamba umeliandika vilevile, na logi inakujibu `host [Seva ya Duka] not found`. Una haki ya kuapa, lakini uliangalia nafasi ya pili. Jina halisi ulilisajili `duka01` mwezi wa tatu ukasahau. Kosa hili limenilaza ofisini usiku mmoja mzima pale Raskazone, na silitaji kwa fahari.

Ninaulizwa pia kama ajenti ni mpelelezi, kama itatoa siri za mauzo. Kwa kawaida inaendeshwa na mtumiaji wake mdogo asiye na madaraka, na kuendesha amri kutoka mbali kumefungwa mpaka wewe uifungue. Kinachostahili hofu zaidi ni njia: bila usimbaji, takwimu zako zinapita wazi. `openssl rand -hex 32` inakutengenezea ufunguo, unauweka pande zote mbili, dakika tano. Matawi yanayopita intaneti sifungi bila hiyo. Ndani ya duka moja, kwenye swichi moja, nakiri huwa naiacha, na kila ninapoiacha najiona nimefanya uvivu.

Kuna mengine ambayo sina amani nayo. Ajenti inayopeleka habari yenyewe ikifa haipigi kelele, inanyamaza tu, na ukimya haugeuki kengele mpaka uweke kanuni ya `nodata`, ya kupiga kengele habari zisipofika. Dakika ngapi za ukimya? Nikiweka 5, kila umeme ukicheza napata meseji arobaini usiku na mwishowe naizima simu, na simu iliyozimwa haina tofauti na kukosa ufuatiliaji. Nimeweka 30 kwa matawi. Kuna usiku nalala nikijua 30 ni nyingi. Vilevile asilimia za diski: templeti ya Linux inakuja na 80 kwa onyo na 90 kwa hatari. Kwenye diski ya terabaiti 4, asilimia 80 inabakiza gigabaiti 800, ya nini kuniamsha? Kwenye diski ya gigabaiti 20 zinabaki 4, na nakala ya akiba ya usiku mmoja inazila. Nabadilisha mashine kwa mashine, kwa kukisia, na kukisia kwangu kumewahi kunidanganya. Tena kuna ajenti mpya, ya pili, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilitoka na toleo 4.4 mwaka 2019. Ina mambo mazuri. Mimi bado nafunga ile ya kwanza, ya lugha ya C, kwenye mashine ndogo, na nikibanwa sana nitasema ni mazoea.

Turudi dukani. Tulihamisha nakala za akiba kwenye diski ya nje, MySQL ikapumua, risiti zikatoka. Nikamkalisha kijana kwenye kiti. Akaandika mistari mitatu mwenyewe, akaiwasha upya ajenti. Kutoka kwenye seva ya ufuatiliaji nikamwambia apige `zabbix_get`, amri ya kuiuliza ajenti swali, na ufunguo wa `agent.ping`, yaani "upo?". Ikarudi `1`. Akatabasamu.

"Bado," nikamwambia. "Hiyo nayo ni pingi, imevaa kanzu tu."

Akauliza `vfs.fs.size[/var,pused]`, asilimia ya `/var` iliyotumika, ikarudi 41 na ushee. Sasa hapo ni mtu wa ndani anasema. Tukaweka templeti. Diski hazikuonekana mara moja, akaanza kuhangaika. Huwa zinagunduliwa kwa ratiba ya kila saa, kuna kitufe cha kulazimisha, tukakibonyeza. Kisha nikamwambia aijaze diski makusudi. Akanitazama kama nimemwambia amwage mafuta ya taa dukani.

`fallocate -l 21G /var/jaribio`, faili la bure la gigabaiti 21. Asilimia 93. Tukakaa kimya tunasikiliza feni ya seva, ambayo chumvi ya bahari imeshaanza kuila na sauti yake si nzuri. Dakika moja. Ya pili ikiwa inaelekea kuisha, simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akasoma, akanionyesha skrini ingawa mimi yangu pia ilikuwa imetetemeka.

"Lifute sasa."

Akalifuta faili. Tukangoja mpaka wekundu ukaondoka. Nikachukua kofia yangu, nikafika mlangoni, nikageuka kuaga, nikamwona ameinama kwenye kibodi anapiga pingi.