Pumzi moja kati ya njano na chungwa

"Sista, sisi tumefika saa mbili, huyu mzee kaletwa saa tatu. Mbona kaingia yeye?" Wauguzi wa dharura hapa Tabora wanaulizwa hivyo kila siku, na jibu ni rahisi: kwenye dharura foleni inakwenda kwa hali ya mgonjwa, si kwa saa aliyofika. Swali gumu zaidi hakuna ndugu wa mgonjwa anayeliuliza. Je, angekaa muuguzi mwingine pale mezani, mzee yule angepewa rangi ileile?

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu kubwa sasa ni kuwafundisha wenzangu triaji, yaani kumpa kila mgonjwa rangi kulingana na uharaka wa hali yake. Swali hilo nalibeba kila ninapoingia darasani.

Nitaeleza kwa mfumo wa Afrika Kusini, ulioanza kuandaliwa Cape Town mwaka 2004. Nyekundu anahudumiwa papo hapo, chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Kwa mtu mzima, muuguzi hutazama dalili za hatari, kisha hujumlisha alama: anavyotembea, pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, fahamu, na kama ameumia. Alama 0 hadi 2 ni kijani, 3 hadi 4 njano, 5 hadi 6 chungwa, 7 na kuendelea nyekundu.

Sasa chukua mama wa makamo kutoka Uyui, kashushwa kwenye bodaboda, anatembea kwa kushikiliwa. Hiyo ni alama 1. Mapigo 112, alama 2. Presha, joto na fahamu viko sawa, hakuna alama. Zimebaki pumzi. Muuguzi anatazama saa kwa sekunde 15, anahesabu kifua kikipanda mara 5, anazidisha kwa 4. Anaandika pumzi 20, alama 1. Jumla 4, njano, anaweza kukaa kwenye benchi saa nzima. Mwenzake anaanza kuhesabu nukta moja mapema, anapata 6, yaani pumzi 24, alama 2. Jumla 5, chungwa, dakika 10. Mama ni yuleyule, na wote wawili wamehesabu kwa nia njema.

Kwa hiyo nang'ang'ania dakika nzima, hata benchi likiwa limejaa. Ukikosea pumzi moja katika sekunde 15, kosa linazaa 4. Katika dakika nzima linabaki 1. Mwombe mama alegeze khanga kidogo ili kifua kionekane. Ukimaliza mapigo, usiachie kifundo cha mkono. Endelea kukishika huku macho yako yakiwa kifuani, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadili anavyopumua. Na ukikuta fomu za zamu nzima zimeandikwa 20, 20, 20, hapo hakuna kifua kilichoangaliwa.

Watafiti hupima makubaliano ya wauguzi kwa kipimo kiitwacho kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960. Kina maana sana, kwa sababu asilimia peke yake inadanganya. Tuseme wauguzi wawili wanapanga wagonjwa 100, kila mmoja anawaita 80 kijani na 20 si kijani, na wamekubaliana kwa 84. Inapendeza kuisoma. Lakini hata wangegawa rangi huku wamefumba macho, kwa mgawanyo huohuo wangetarajiwa kukubaliana kwa wagonjwa kama 68. Ukiondoa bahati hiyo, kappa inabaki 0.5, makubaliano ya wastani tu.

Tena tafiti nyingi hutumia visa vya karatasi, ambamo pumzi, mapigo na presha vimeshaandikwa. Hapo unapima namna muuguzi anavyosoma namba. Kuipata hiyo namba, ambako mimi naona ndiko tunakoachana zaidi, hakukupimwa. Kwangu, jaribio linaloaminika ni la mgonjwa halisi.

Kuna jambo jingine: kukubaliana si kuwa sahihi. Mrina asali wa Sikonge kashambuliwa na nyuki, anaingia kwa miguu yake. Pumzi 18, mapigo 104, presha nzuri. Jumla alama 2. Ukitazama alama tu, wauguzi wote wawili watasema kijani, na kappa itawasifu. Lakini sauti yake imeanza kukwaruza, midomo imevimba, vipele vimetanda kifuani. Mzio wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya dakika chache, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja. Mfumo unamruhusu mtaalamu mwandamizi kupandisha rangi. Muuguzi asione haya kumwita.

Ninachowashauri viongozi wa zamu ni hiki. Mara kwa mara, wauguzi wawili wampime mgonjwa yuleyule, kila mmoja peke yake, bila kuoneshana fomu, wakifuatana mara moja, kwa sababu hali hubadilika na wakichelewa watakuwa wanapima wagonjwa wawili tofauti. Asiyeweza kungoja asicheleweshwe kwa ajili ya zoezi. Wakitofautiana, rangi ya juu ndiyo inayofuatwa. Kisha wakae na fomu zote mbili, wapitie mstari kwa mstari mpaka waone namba zilipoachana. Anzeni na mstari wa pumzi.